Lazima Ule

Muoki, mchonga vinyago wa Mbotela, alikuwa amemwahidi Mungu siku tatu za kufunga: asile chakula, wala asiguse drafti, mchezo alioupenda kuliko ugali. Siku ya tatu, akienda kanisani kwa maombi ya saa sita mchana, miguu ikampitisha kwenye baraza la duka. Githinji, fundi viatu wa Kiamaiko, alikuwa amekaa mbele ya ubao akimngoja.

"Bingwa wa miaka saba! Leo nakuvua taji, ama unaniogopa?"

Njaa ilikuwa imemfanya Muoki mwepesi kama unyoya. Akajiona ameketi. Vizibo vya soda walivyochezea kama kete vikawa kama vinaelea juu ya ubao, na mkono wake ukavifuata polepole, kimoja, kingine, hata zamu yake ikafika tena, na kizibo cha Githinji kikawa wazi mbele yake, cha kurukwa na kuliwa.

"Kula!" Githinji akamwambia.

Watu wa barazani wakadakia kwa kicheko, "Kula, mzee! Drafti haina kukataa. Lazima ule!"

Neno hilo likamwingia kama maji baridi kifuani. Kizibo kikabaki hewani kati ya vidole.

"Siwezi kula," akasema. "Nimefunga."

"Umefunga nani? Usipokula, ubingwa ni wangu!"

"Chukua, ndugu yangu. Tumbo lilifunga, kumbe moyo ndio ulikuwa unakula."

Akakirudisha kizibo, akainuka. Mtaa mzima ulikuwa unaogelea kwenye mwanga, na wimbo wa kanisani ukamshika mkono kama mtu anayemjua. Nyuma yake, Githinji alikuwa anapigiwa makofi.