Claudine na Jirani wa Chumba cha Pili

Mwaka ule tulikuwa wanafunzi watano katika nyumba moja ya mtaa wa Saint-Josse, huku Ulaya, kila mtu na chumba chake, jiko moja la wote. Mimi nilitoka Bukavu, nikisomea ufamasia. Ngoy, wa chumba cha pili, alitoka Likasi, akisomea uhandisi. Tulibishana karibu kila jioni: mimi nasema bugali, yeye anasema bukari, na kila mmoja anadai mwenzake hajui kuusonga. Mpaka leo nayakumbuka mabishano yale kuliko masomo yenyewe.

Mwezi wa Februari Ngoy akaacha kuja jikoni. Nikagonga mlango wake.

"Niko na fatigue tu, Claudine."

Siku ya tatu ya kujibiwa kwamba ni uchovu, nilikataa kuondoka. Alipofungua, mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe, na madaftari hayajaguswa tangu Noeli.

"Ngoy, unawazaka kufa?"

Sikujua kama swali hilo linaulizwa. Alikaa kitandani.

"Siku zingine, ndiyo."

"Bon. Vaa viatu. Tunaenda sisi wote."

Hakutaka basi, watu wengi. Tukatembea kwenye mvua, tukapita uwanja wa Flagey, mpaka ofisi ya msaada wa wanafunzi chuoni. Mwanasaikolojia alimpokea siku ileile. Nilingoja koridoni saa nzima.

Kilichobaki ni kuwaambia nyumbani. Ngoy hakuwa amefanya mitihani ya Januari, lakini alikuwa amemwambia baba yake kwamba amefaulu. Wiki iliyofuata alipiga simu akiwa jikoni, spika imewashwa, mimi nikikata vitunguu nikijifanya sisikii.

"Papa, nilikudanganya. Sikufanya examens. Niko mugonjwa, papa. Mawazo."

Mzee akauliza, "Alors, mutoto yangu, unakulaka?"

Aliposikia anaulizwa kama anakula, Ngoy akalia kwa sauti.

Alirudia mwaka, akimwona mwanasaikolojia kila Alhamisi. Kuna wiki alirudi nyuma kabisa. Kuna asubuhi nilimtoa kitandani, na nyingine yeye ndiye aliyenitoa mimi. Sasa ni mhandisi mjini Anvers, ana mke, na mimi nazitamani hata kelele za nyumba ile.

Juzi alinipigia: ameombwa azungumze na wanafunzi wapya, hajui aseme nini. Nikamwambia aseme ukweli: siku ile ya mvua njiani aliniomba mara mbili turudi, nami niliogopa vilevile, nikaendelea tu kutembea.