Malkia Amefunga

Gari lilishawashwa, dada yangu ameshajifunga mkanda na mkoba uko mapajani, na shemeji bado anatoa hotuba. Kichwa chake kilikuwa nje ya dirisha, gari linarudi nyuma kuelekea getini, nami natembea pembeni yake kama ninayesindikiza jeneza la mheshimiwa.

"Taa zinajiwasha zenyewe, usiziguse. Pampu usizime. Maji yakipungua, jazia ya ndoo nyeupe, yale matamu. Ndoo ya bluu ina maji ya chumvi, hayo niachie mimi. Kinachopaa kama mvuke ni maji, shemeji, chumvi inabaki humo humo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji."

"Sasa, Malkia..."

Malkia si mke wake. Mke wake ni dada yangu mdogo, na alikuwa anaangalia saa. Malkia ni tumbawe laini, lina umbo la uyoga na limejaa vidole vidogo vinavyopungapunga majini. Linaishi sebuleni, kwenye tangi la kioo lenye taa nzuri kuliko chumba chochote cha nyumba ile. Shemeji ni daktari wa meno. Mchana kutwa anachungulia vinywa vilivyooza, jioni anakaa mbele ya kitu kisicho na jino hata moja. Simlaumu.

Alimzungumzia Malkia mpaka gari likashika barabara, nami niliitikia "sawa, shemeji" kila alipovuta pumzi. Sikuwa nasikiliza, maana la muhimu alishalisema mezani: akirudi akamkuta Malkia mzima, chumba cha nyuma ni changu moja kwa moja. Akimkuta amekufa, "tutazungumza." Nimefukuzwa sehemu nyingi, nyingine kwa lugha nisizozijua, lakini hakuna aliyewahi kunifukuza kwa adabu namna hiyo.

Nimepika melini, nimelinda maghala, nimeuza vitanda ambavyo mwenyewe sikuvilalia. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Nilichokuwa nakitaka ni mlango unaofungwa kwa ndani, basi.

Niliyebaki naye ni mama yake shemeji. Na yeye alikitaka chumba kile kile, akiweke cherehani chake, ambacho kilikuwa kibarazani kinakula vumbi. Mimi aliniita Baharia, kwa heshima yote anayostahili mtu aliyekaa baharini akimenya viazi.

"Kwa hiyo wewe ndiye yaya wa mawe," aliniambia mara tu geti lilipofungwa.

"Si mawe, mama. Hivi vina uhai."

"Hata wewe una uhai, na hatujakununulia taa."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilijazia maji matamu, Malkia akapunga vidole, mama akapita na kusonya. Halafu asubuhi moja nikakuta vidole vyote vimeingia ndani. Malkia amefunga. Kesho yake akaanza kung'aa kama aliyepakwa nta, na siku zilizofuata akanywea na kuinamia upande mmoja, sura ya mtu aliyeletewa wageni bila taarifa.

Mama alisimama nyuma yangu akamtazama.

"Huyo amekwisha," alisema. "Cherehani nakiweka upande wa dirishani."

Nilianza kukunja mashati yangu. Lakini si Malkia peke yake aliyenitia hofu. Matumbawe madogo, jirani zake humo tangini, yaliyokuwa wazi siku zote, nayo yakaanza kusinyaa. Nikachukua kipimo cha chumvi cha shemeji. Mshale ulikuwa umepita alama aliyochora kwa wino mwekundu. Nikaenda jikoni kuziangalia ndoo. Nyeupe ilikuwa kama nilivyoiacha. Ya bluu, ambayo sikuwahi kuigusa, ilikuwa inakaribia kwisha.

Mama alikuwa anachambua mchele mezani.

"Mama, nani anatumia maji ya ndoo ya bluu?"

"Mimi." Hakuinua hata macho. "Kitu kimetoka baharini, wewe unakinywesha maji ya mvua. Ningekuwa mimi ningefunga pia."

"Lakini si unataka afe upate chumba?"

"Nataka chumba. Nani kakwambia nataka afe? Wewe unadhani mimi ni mtu wa namna gani, Baharia?"

Mwanamke alikuwa anamwua Malkia kwa huruma, huku akipima dirisha.

Nikampigia shemeji, na simu nikaielekeza kwenye kioo amwone mwenyewe. Alimtazama Malkia akacheka.

"Anajivua ngozi huyo. Nilikwambia pale getini. Hufunga, hung'aa, halafu ngozi inabanduka na anafunguka. Unamwacha tu. Hebu nioneshe kipimo."

Nikamwonesha. Kicheko kikakatika.

"Nani ametia chumvi humo?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alinipokonya simu. "Mimi, mwanangu. Nimetia mimi, kwa mkono wangu."

"Mama, usimkingie huyo mzururaji."

"Simkingii mtu. Nakwambia nilitia mimi."

"Una moyo mzuri sana, mama. Mpe simu."

Nimeona watu wengi wamekasirika, bandarini na vituo vya polisi, lakini sijaona hasira kama ya mama mtu mzima aliyesema kweli akasifiwa kwa uongo. Simu hakunipa. Aliikata.

"Huyu nimemzaa mimi," alisema. "Baharia, tunafanyaje?"

Tukafanya polepole, maana chumvi ikishushwa kwa pupa nayo inaua. Tulichota maji ya tangi kikombe kimoja, tukarudisha kikombe kimoja cha maji matamu, tukapumzika, tukagombana, tukachota tena, siku baada ya siku, mpaka mshale ukarudi kwenye wino mwekundu. Nikaigeuza pampu kidogo ili mkondo umpitie Malkia mgongoni. Asubuhi moja ile ngozi ikabanduka kama utando wa maziwa, ikaelea, na chini yake vidole vikaanza kuchungulia kimoja kimoja.

Mama alikivuta kiti akakaa.

"Na mimi ningepewa hivyo," alisema. "Unafunga mlango, hujibu mtu, unatoka mpya."

Shemeji alirudi akiwa na maneno yake ya "tutazungumza" tayari. Alizungumza na mama yake, mlango ukiwa umefungwa, na mwenye kuzungumza zaidi hakuwa yeye.

Malkia amekua, shemeji amemkata vipande vya kuotesha na kuwagawia madaktari wenzake. Cha mmoja kilikufa. Dada yangu husafiri peke yake siku hizi. Cherehani kiko sebuleni, ubavuni mwa tangi, na mama hushona kwa taa ya Malkia. Ndoo ya bluu imetiwa kufuli. Mimi niko chumba cha nyuma. Mlango unafungwa kwa ndani, ila shemeji bado anaamini ni mimi niliyetia chumvi.