Pezi la Kanzu

Mama Matangi alijifunza mwenyewe kazi ya samaki wa maji chumvi, bila cheti, na pale mapokezi ya hoteli, alikotunza tangi kubwa la samaki, hakuna aliyemfikia kwa kusoma pezi. Linalooza huanza na ukingo mweupe, kisha hulika kidogo kidogo kama karatasi iliyolowa. Lililong'atwa hukatika safi, kama kwa mkasi. Hata mfagiaji alishalikariri somo hilo.

Kwa hiyo siku pezi la Kanzu, samaki bapa mwenye mapezi marefu kama vazi, lilipoonekana limemegwa, yeye na mfagiaji wote wawili walijua.

"Dada, huyo si mgonjwa," mfagiaji alisema, kaegemea fagio. "Kaliwa na Mheshimiwa."

Mheshimiwa alikuwa samaki mnene mwenye meno wa tangi hilo hilo, zawadi kutoka kwa mkurugenzi.

Meneja akafika. "Vipi huyu, mama?"

Mama Matangi alishawahi kumvaa meneja huyo huyo mbele ya watu kwa ajili ya saa za ziada. Lakini wiki ile mkataba wake ulikuwa unaisha.

"Ugonjwa," alisema.

Mkataba ukaongezwa mwaka. Kanzu akahamishiwa tangi dogo la matibabu, akabadilishiwa maji, akapimiwa chumvi na joto. Wiki ya tatu pezi likaota upya, jembamba, angavu kama nailoni. Mama Matangi akamrudisha tangi kubwa, kwa Mheshimiwa yule yule.

Alifanya hivyo mara mbili.

"Unamponya ili mwenzake ale chakula fresh," mfagiaji alimtania mara ya pili. Pezi lilipomegwa mara ya tatu, hakutania.

Safari hiyo jeraha lilioza kweli. Ukingo mweupe, wekundu kwenye shina la pezi, kisha uozo ukaingia mwilini. Dawa alitia, kipimo sawasawa. Asubuhi ya tano Kanzu alilala ubavu, kinywa kikifunguka na kufumbika, kisha basi.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wahenga hawakusema lolote juu ya anayeficha meno ya mwingine.

"Pole, mama," meneja alisema. "Kumbe ugonjwa wenyewe hauna dawa?"

"Haukuwa ugonjwa."

"Si wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

Akachukua wavu, wageni wakitazama, akamtoa Mheshimiwa na kumtia tangi dogo.

"Mkurugenzi akiuliza?"

"Mlete kwangu. Nitamwambia nililopaswa kukwambia wewe siku ya kwanza."

Tangi kubwa likatulia. Sasa lilimfaa kabisa samaki mwenye mapezi marefu.