Upana wa Kitanda

Asubuhi seremala alikuta kitanda chake kimepanuka tena. Alikata kipande cha katikati kwa msumeno, akaunga pande mbili zilizobaki, akapiga randa, kisha akanywa chai. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila siku tangu atoke hospitali, alikoondolewa tezi dume yenye saratani. Kitanda alikitengeneza mwenyewe alipooa, na miaka yote hiyo kilikuwa kimetulia.

Saratani ilikwisha, lakini nguvu za kiume hazikurudi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zingepotea. Usiku yeye alilala ukutani, mkewe mlangoni, na katikati kitanda kilikuwa kikikua.

"Mama watoto, umelala?"

"Paza sauti, uko mbali."

Jirani yake, mwalimu mstaafu, alikuja kutengenezewa kiti. Naye alikuwa amepasuliwa kwa maradhi hayohayo, na daktari yuleyule aliyempasua seremala. Seremala alimuuliza kitanda chao kinaendeleaje.

"Kiko vilevile," alisema mwalimu. "Kwani nyinyi hamkuitwa? Mimi na mama tuliitwa ofisini kabla ya upasuaji, tukaelezwa kila kitu. Baadaye nikapewa vidonge vya kurudisha nguvu, na pampu. Ilichukua muda, lakini tunashukuru."

"Mimi niliambiwa nishukuru niko hai."

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Yeye na daktari walikuwa kabila moja. Seremala alikuwa wa lile kabila lingine, na hilo halikuhitaji kuelezwa.

Hasira zilimpanda seremala mpaka misumari ikamponyoka mdomoni. Alifunga pamoja mbao zote alizokuwa amezikata kwenye kitanda, akazipakia kwenye mkokoteni, akaenda hospitali na mkewe. Alizibwaga mbele ya daktari.

"Kitanda chetu kinapanuka," alisema.

Daktari alizigonga mbao kwa kidole, akasema ni ngumu kweli. Kisha akaeleza kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. "Watu wa kwenu mna haya sana na mambo ya chumbani. Tuliona tusiwaaibishe. Tena wewe mzee, watoto si unao?"

"Ulituuliza, au haya hizo ulituvalisha wewe?" alisema mke wa seremala. "Mimi sikuja kutafuta mtoto, daktari. Nimekuja kumtafuta mume wangu."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Ndivyo walivyosema wote aliowatibu vizuri. Aliwaambia wasubiri nje, wataitwa.

Nje, wanaume wa kabila la seremala walikuwa wamesimama kando ya ukuta na wake zao. Wengine walikuwa wamesubiri mpaka nywele zimewageuka mvi. Mahali pa kukaa hapakuwepo. Seremala hakuweza kumwona mtu mzima amesimama na yeye ana mbao, basi akapigilia benchi palepale. Wakakaa. Yeye na mkewe walikaa katikati, bega kwa bega, kama siku walipochumbiana.

Benchi likaanza kurefuka. Lilirefukia katikati, pale walipokaa wao. Mkewe akasogea upande wa lango, yeye upande wa ofisi, na kila nafasi iliyopatikana ilikaliwa na mgonjwa mwingine wa kwao.

Daktari alitoka, akaona benchi limegota ukutani. Alifurahi sana. Aliita mafundi, wakavunja ukuta lipate kupita, wakalipaka rangi ya hospitali.

"Mnaona?" alisema. "Sasa hakuna mtu wenu atakayesimama tena."

Kisha akamwita mwalimu na mkewe, waliokuwa ndiyo kwanza wanafika kwa ajili ya vipimo vya kawaida. Mwalimu alimpita seremala bila kuinua macho. Mlango ukafungwa.

"Mama watoto!" aliita seremala.

Mbali, ng'ambo ya ukuta uliovunjwa, mkewe aliinua mkono. Alikuwa akisema jambo. Seremala aliona midomo yake inacheza, lakini sauti haikumfikia.