Jina la Mwenye Shamba

Nilivuka mpaka wa Malaba asubuhi na kibuyu cha pombe ya wimbi kwapani, na askari mmoja akaniuliza kama naenda kulewa Uganda. Nikamwambia pombe ya Uganda hainitoshi, ndiyo maana nimebeba yangu. Akacheka, akanipisha. Sikuwa na muda wa mzaha zaidi. Mwanangu wa pekee, Ilukor, alikuwa amepata mtoto wa kiume, na kwetu sisi Wateso mtoto huitwa kwa pombe: nyanya mzaa baba huchovya kidole, akamtia mtoto mdomoni huku akimtajia jina. Akinyonya, amelikubali. Akikataa, litafutwe jingine.

Langu lilikuwa tayari. Okwi, jina la marehemu mume wangu. Asipoitwa na mjukuu huyu, hana mwingine wa kubeba jina lake.

Ilukor alihamia ng'ambo mwaka juzi. Zamani watu ndio waliotoka kule kuja kwetu, magodoro kichwani, wakikimbia bunduki. Siku hizi vijana wetu ndio wanaokwenda, wakikimbia bei ya mashamba. Kipande chetu cha Amukura ni kidogo mpaka kuku wa jirani wanadhani ni uwanja wao. Kule alipewa mahali pa kujenga na kulima na mzee Okiror, mjomba wa mkewe Yvonne. Nilimwombea heri, lakini iliniuma, sifichi.

Nilimkuta Yvonne mlangoni ananyonyesha. Nikampokea mtoto, nikamtazama. Masikio ya Okwi, paji la uso la Okwi. Nikafungua kibuyu. Yvonne akainamisha uso, na Ilukor akanishika mkono.

"Mama, ngoja kwanza. Huyu ameshaitwa."

"Ameitwa na nani?"

"Mke ya mzee Okiror. Anaitwa Etyang. Ni jina ya baba ya mzee."

Nikaketi na mtoto mikononi. "Kwani wewe ulioa, ama uliolewa?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama, hapa wanasema Wakenya tumejaa. Mwezi jana wamefukuza jirani yangu, mtu ya Butula. Mihogo yake bado iko kwa shamba. Mimi hakuna mtu ananigusa, sababu kijana yangu ni Etyang. Wanamuona ni wao."

"Na baba yako? Yeye ataitwa na nani?"

Ilukor akachuchumaa mbele yangu. "Na wewe unaitwa nani, mama? Akwii ni nani kwetu?"

 Jibu analijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsimulia. Akwii alikuwa bibi kizee wa Amukura aliyewapa wazazi wangu mahali pa kujenga walipokimbia mauaji Uganda, mama akiwa na mimba yangu. Baba alipenda kuwaeleza wageni kwamba nimebeba jina la mfadhili wetu. Nami nimelibeba kwa fahari maisha yangu yote.

Mtoto akaanza kulia mikononi mwangu. Nikachovya kidole kwenye kibuyu, na safari hii hakuna aliyenizuia. Mtoto akafungua kinywa, akawa anakitafuta. Ningemnong'oneza Okwi, nani angesikia? Angenyonya tu, mtoto mwenye njaa hachagui. Lakini nikaifikiria ile mihogo ya mtu wa Butula. Nikafuta kidole kwenye leso yangu, nikamrudishia Yvonne mtoto.

"Etyang ana njaa," nikasema.

Yvonne akalia. Ilukor alitaka kunisindikiza, nikamkatalia, maana nilijua nikifungua mdomo nitamlaani. Nikapita kando ya malori yaliyopanga foleni kuelekea darajani, nikimsema Ilukor peke yangu kama kichaa. Nilimsema Yvonne, nikamsema mzee Okiror, nikamsema hata marehemu kwa kutuachia shamba la kukalia kitako kimoja. Nilipomaliza wote, hasira ikamgeukia baba yangu.

Maana baba naye alikuwa na mama. Alimwacha huku huku Uganda, na bila shaka mama huyo alisikia kwamba mwanawe amepata mtoto ng'ambo. Labda naye alipika pombe. Nimepita miaka hamsini, nimezaa, nimezika, na jina la mwanamke yule sijawahi hata kuliuliza.