Hapa Hakuna Watu wa Namna Hiyo

Konstebo Ogwal aliingia darasani Jumapili mchana bila hodi, akaketi benchi la nyuma kama mtu aliyekuja kurudia mtihani. Sikumkaribisha. Nimefundisha fasihi Kisumu na sasa nafundisha Kyebando, mtaa wa Kampala, na mtu asiyebisha hodi hunipandisha hasira, awe na bunduki asiwe nayo.

"Madam Aluoch, watu nasema nyinyi nasoma siasa hapa."

"Tunasoma shairi. La Mwingereza aliyekufa zamani, mmoja wa wale waliopenda milima na kuchukia viwanda. Liko kwenye mtihani."

"Basi nyinyi naeleza mimi kwa Kiswahili. Kama hiyo shairi nasema mambo ya hapa, mimi nafunga hii chumba."

Chumba ni cha Mzee Tajudin, ambaye asubuhi huwasomesha watoto Kurani humo humo. Alikuwa amesimama mlangoni, mwoga kuliko sisi sote. Mtihani ulikuwa umekaribia. Wanafunzi wangu ni watu wazima waliokwisha kuanguka, na Shakib, anayeuza mikanda ya suruali soko la Nakivubo, alikuwa ameanguka mara mbili. Chumba kikifungwa, ataanguka ya tatu. Niliogopa, nami nikiogopa huwa mkali zaidi.

"Shakib, mweleze afande," nikasema. Kwa macho nikamsihi: baki Uingereza, ndugu yangu, usivuke maji.

Alianza na ubeti wa kwanza, akiandika kila jibu kwenye karatasi: watoto wanafagia kiwanda badala ya kwenda shule.

"Watoto kama hao iko Kampala?" Ogwal akauliza.

"Hakuna, afande."

Nje ya dirisha alipita binti mdogo na beseni la ndizi kichwani. Tulimtazama wote mpaka akatokomea.

"Endelea," Ogwal akasema.

Ubeti wa pili, mama anauza blanketi alipe kodi ya chumba. Shakib akaeleza kwamba huku kwetu kina mama wote wana blanketi, wengine mawili. Ubeti wa tatu, wachuuzi wanafukuzwa barabarani na mali yao inatupwa kwenye gari. Mikanda ya Shakib ilikuwa imechukuliwa hivyo hivyo wiki ile, na mguu wake ulikuwa bado umevimba kwa kipigo.

"Hiyo hapa hakuna kabisa," alisema, akiusogeza mguu chini ya benchi.

Nilimwonea uchungu, na pia nilijivunia. Uchambuzi wote ulikuwa wa uongo, ningeupa sifuri, lakini aliutoa kwa utulivu wa profesa.

Ukabaki ubeti wa mwisho: mlinzi wa lango la kiwanda. Kutwa anawapiga wachuuzi kwa rungu, jioni anarudi kwenye kibanda kinachovuja, watoto wake wamelala bila kula, na tajiri wake hata jina lake halijui.

"Huyo?"

"Hakuna, afande."

Ogwal akasimama. "Hakuna?"

"Hakuna kabisa."

"Wewe mtu ya bure! Nyumba yangu umeona? Mvua nakuja, sisi watu sita nahamia kona moja. Bosi mwaka mzima naita mimi 'wewe kijana', na mimi niko na wajukuu! Hakuna namna gani? Mimi ni nani?"

 Akanyoosha kidole kwenye karatasi ya Shakib.

"Andika huyo iko. Huyo moja. Ile ingine, hakuna."

Tulikuwa tumepona. Nilikwisha kufungua mdomo nishukuru, Shakib akaniwahi.

"Afande, kama sisi wengine hatuko, huyu mlinzi napiga nani?"

Nilifumba macho. Chumba kimekwenda, nikajiambia, na mtihani nao, na huenda Shakib mwenyewe. Nilisikia benchi likilia: Ogwal alikuwa ameketi tena. Aliivuta ile karatasi karibu, akaitazama.

"Andika yote," alisema. "Yote iko. Lakini jina ya mji usiandike."