Mkono wa Kulia wa Mideva

Kiganja cha Kweyu kilitua kiunoni mwa Mideva kabla ya salamu yake. "Nyoosha mgongo, binti yangu," alisema, na kiganja kikabaki palepale, kana kwamba mgongo wa mtu haunyooki bila kushikiliwa. Mideva alikuwa akiinua chuma cha kilo tano kwa mkono wa kulia, ule uliopona nusu. Alikaza macho ukutani akahesabu: saba, nane. Alipofika kumi hakujua kama kilichomtoa jasho ni chuma au ni aibu.

Chumba hicho cha mazoezi kilikuwa zamani stoo ya magunia ya unga. Kiwanda cha biskuti kilikigeuza baada ya wafanyakazi kulalamikia migongo, na siku ya kukifungua meneja alipigwa picha akiinua chuma chepesi kuliko vyote. Kwa wengi palikuwa mahali pa kupigia soga baada ya zamu. Kwa Mideva palikuwa dawa. Bega lake lilikuwa limeteguka kwenye mtambo wa kupakia, na daktari wa kiwanda alikuwa amempa miezi mitatu: mkono urudishe nguvu zake, la sivyo aiage kazi. Alibakiwa na mwezi mmoja.

Na Kweyu hakuwa mtu wa kukemewa ovyo. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu wa kwao Vihiga, aliyempeleka Mideva hadi langoni akamwombea kazi. Baba yake Mideva alipofariki, Kweyu ndiye aliyesimamia mazishi mwanzo hadi mwisho. Basi akawa mjomba, na ujomba huo hakuuvua hata mara moja. Mideva alipojaribu kuwahi mazoezini jioni, Kweyu naye aliwahi. Alipovaa jaketi zito katika joto lile, Kweyu alimtania kwa kumuuliza anamficha nini mzazi wake.

Jumanne moja kiganja kilishuka chini ya kiuno. Mideva aliweka chuma sakafuni taratibu, akageuka.

"Mjomba, usinishike tena. Nikiwa hapa, niache nifanye mazoezi yangu."

Hakupaza sauti, lakini chumba kizima kilimsikia. Kweyu alicheka kidogo, akawageukia wengine na kusema kwamba watoto wa siku hizi ukiwasaidia wanakudhania mabaya. Wawili watatu walicheka naye. Lydiah, aliyekula na Mideva kila mchana tangu siku yake ya kwanza kazini, aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Mimi alinishika hivyo mwaka mzima," Lydiah alimwambia baadaye, wakivuka Jogoo Road kurudi makwao mtaani Mbotela. "Si nilinyamaza tu? Sasa umetuletea noma."

Maneno hayo yalimuuma Mideva kuliko bega. Alitaka kumuuliza kwa nini hakumwonya, ila Lydiah alikuwa ameshakaza mwendo.

Noma ilikuja kwa karatasi. Wiki hiyohiyo tangazo lilibandikwa: ili kulinda heshima ya akina mama, wanawake wangetumia chumba cha mazoezi saa nne asubuhi pekee. Saa nne asubuhi kila mwanamke wa kiwanda kile huwa kazini, mbele ya mtambo. Chini palikuwa na sahihi ya Kweyu. Wanawake hawakumlaumu Kweyu, walimlaumu Mideva, na mchana benchi aliloketi lilibaki lake pekee. Alinunua mtungi wa lita tano, akaujaza maji, akawa anauinua chumbani mwake asubuhi na jioni, kwa hasira. Mwezi ulipokwisha, daktari aliupima mkono mara mbili, akaandika kwamba umepona.

Hapo ndipo mama yake alipofika kutoka Vihiga na kuku mkononi. Hakuulizia bega. Alisema mjomba amempigia simu, kwamba Jumapili angekuja hapo kula, na kwamba Mideva angemwomba radhi.

"Alinishika, mama."

"Nimesikia," mama alisema, akiendelea kuchambua mboga. "Lakini babako alizikwa na nani?"

Mideva aliuchukua mtungi wake, akaanza kuuinua.

Jumapili Kweyu alikuja na suti yake ya kanisani. Alikiombea chakula kwa unyenyekevu, akaulizia mvua ya nyumbani. Mama alimwekea firigisi, fungu la mgeni wa heshima, kwenye sahani. Walikula wakisubiri neno la Mideva, na Mideva akasubiri waondoke mezani. Mwishowe mgeni alisimama mlangoni, akatanua mikono.

"Njoo basi, binti yangu. Yaishe."

Mideva alimpa mkono wa kulia. Kweyu aliushika, akauvuta ili amkumbatie. Mkono haukukunjika. Akavuta tena, akimtabasamia mama juu ya bega la Mideva, na mkono ukabaki umenyooka, na nafasi iliyokuwa kati yao ikabaki ileile.

Nyuma yake, Mideva alihisi kiganja kingine kikitua mgongoni. Kilikuwa cha mama yake, na kilikuwa kinamsukuma.